Tangi Lililolainika

Mume wangu aliponiambia anataka kuunda ndege, nilikuwa nasuka kichwa cha mteja na sikuinua macho. Nilimwambia aanze na mlango wa choo, ambao upepo uliung'oa mwaka uliopita na tangu hapo kila mtu alikuwa akijisitiri kwa kukohoa. Mteja akacheka mpaka nikapoteza mstari wa nywele. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi za michoro alizochapishiwa mjini, na nikajua mlango wa choo utangoja sana.

Sisi hatukuzaliwa Lodwar. Tulitoka Kitale, yeye akifuata kazi ya serikali ya kutengeneza pampu za visima, mimi nikimfuata yeye. Ujanani aliwahi kufanya kibarua cha kujaza mafuta ndege za misaada, na huko ndiko ugonjwa ulikomwingia. Ndege ikipita juu ya nyumba yetu wakati wa sala ya chakula, atanyamaza kwanza aisikilize injini, kisha ndiyo aseme amina. Mimi nilifungua saluni karibu na soko, nikawa nasuka, naosha, nabandika kucha, na huku nyumbani nikiishi na mwanamume anayetazama juu.

Ndege aliyoichagua ilikuwa ya viti viwili, ya kuundwa nyumbani, mwili wote faibaglasi. Kwa asiyejua, faibaglasi ni kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa rezini, gundi nzito yenye rangi ya asali. Rezini haigandi kwa kubembelezwa. Hutiwa dawa ambayo mafundi huiita hadina, kwa kipimo chake, na ukishaitia una muda mfupi tu wa kupaka kabla haijawa ngumu. Kitale ungepaka, ukanywa chai, ukarudi kupaka. Lodwar, jua likishapanda, unatia hadina, unakoroga, unageuka kuchukua kitambaa, na ukirudi unakuta brashi imesimama wima ndani ya mkebe wala haing'oki. Uani kwetu mikebe iliyokufa namna hiyo ilirundikana hata kuku wakawa wanataga ndani yake.

Mtu mwingine angesoma alama za nyakati. Wangu alipanda pikipiki akaenda Longech, kule ziwani, kumtafuta fundi wa kuziba mashua za faibaglasi. Fundi akampokea vizuri, akamlisha samaki, akamfundisha njia yao ya ziwani. Hadina unaipunguza, unatia nusu ya ile iliyoandikwa, ndipo unapata nafasi ya kufanya kazi kwenye joto. Rezini ikiwa nzito, unaipunguza kwa asetoni kidogo, itiririke. "Mashua zangu zote zinaelea," fundi akamwambia, na hakusema uongo. Zinaelea hadi leo. Lakini mashua hukaa juu ya maji, na hakuna mtu aliyewahi kuijaza petroli mpaka ukingoni akaiacha hivyo mwezi mzima. Swali hilo halikuulizwa, samaki alikuwa mtamu.

Hiyo asetoni sasa. Lodwar yetu hii asetoni inauzwa wapi? Iko saluni. Mimi huitumia kung'oa kucha za kubandika: unaloweka pamba, unaifunga kwenye kidole, unangoja huku mteja anakusimulia ubaya wa wifi yake. Nikaanza kuona chupa zangu zinapungua. Nikamshuku msichana wa duka la jirani, tukanuniana naye bure, kumbe mwizi nalala naye. Nilipombana akasema ni mkopo, ndege ikiruka nitalipwa kwa heshima. Nikamwambia heshima haiondoi kucha.

Majirani walipoona bawa limechungulia juu ya ua, mambo yakageuka. Huku kwetu mtu akifanya jambo peke yake ni kichaa. Akiundiwa kamati, ni maendeleo. Basi ikaundwa kamati. Mwenyekiti alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kuhamia kama sisi, tumbo mbele, kauli nzito, na hajawahi kupanda hata ngazi ya kupakia rangi. Walikutana uani kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Walikunywa chai yangu, wakajadili rangi ya ndege, wakajadili jina lake, wakajadili ni nani ataketi karibu na mgeni rasmi. Kuhusu ruhusa ya mume wangu kurusha chombo angani, mwenyekiti alisema iko njiani. Nchi hii kila kitu kiko njiani, na njia yenyewe iko njiani, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi.

Tangi la petroli lilikuwa nyuma ya viti. Halikuwa la bati wala la plastiki. Alilijenga humo humo ndani ya mwili wa ndege, kuta zake ni faibaglasi ile ile, mpaka huwezi kulitoa bila msumeno. Michoro ilitaka rezini ya namna nyingine kwa tangi, ile isiyochokozwa na mafuta, lakini hiyo ingetoka Nairobi, na kamati ilikuwa imeshatangaza tarehe. Mwenyekiti akasema rezini ni rezini. Mume wangu, ambaye akinunua sukari hupima kwa mkono kama muuzaji hajampunja, akachukua brashi akaendelea kupaka.

Ila sitamnyima haki yake: alifanya majaribio. Alipanga chupa za jemu kwenye rafu yangu ya jikoni, kati ya chumvi na majani ya chai. Moja maji, moja dizeli, moja mafuta ya taa, moja asetoni, na mbili petroli ya kununua barabarani, ile ambayo muuzaji anaapa kwa jina la mama yake kwamba haijachanganywa. Ndani ya kila chupa kipande cha faibaglasi. Mgeni akija nasimama mbele ya rafu, asije akajikaribisha. Siku moja nilinusurika kukaanga mayai kwa dizeli.

Kipande cha kwenye asetoni hakikumaliza hata siku. Kilifura, kikaachana na nyuzi zake, kikabaki kama kitambaa cha deki. Hilo halikunishangaza, ni kazi ya asetoni. Vya kwenye maji na dizeli vilikaa kimya. Cha mafuta ya taa pia. Ila petroli ndiyo iliyonifanya niwe nachungulia kila nikipika. Kwenye chupa moja alikuwa ameweka kipande cha zamani, cha siku zile kabla ya Longech, alipokuwa bado anatia hadina kamili. Hicho kilibaki kigumu na petroli yake safi. Kwenye ya pili aliweka kipande cha rezini ile ile aliyojengea tangi. Petroli yake ikaanza kuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na chini pakatulia kitu kizito cha kunata.

Siku ya kamati alikitoa kile cha kwanza. Akakigonga mezani, ko, ko, ko. Mwenyekiti akakichukua akakigonga. Mweka hazina akakigonga. Katibu akakigonga kwenye kiti, akakigonga kwenye goti lake, akasema lo, hiki ni chuma. Tangi likapitishwa kwa kauli moja, kisha wakauliza kama kuna mandazi.

Cha pili nilimwona nacho kesho yake asubuhi. Alikitoa kwenye chupa akadhani niko saluni. Alikikunja kwa vidole viwili, kikakunjika. Akatazama mlangoni, akakitia mfukoni, akatoka kwenda kukitupa chooni. Maskini, akasahau kwamba choo chetu hakina mlango. Nilisimama pale uani na beseni langu la taulo, nikamtazama anavyoinama kuhakikisha kimeshuka.

"Hicho ni nini?" nikamuuliza.

"Kipande tu," akasema. "Cha majaribio. Tangi ni kitu kingine."

"Si ni rezini moja?"

"Tangi ni nene, mama watoto. Wewe hujui mambo ya unene."

Nilitaka kumjibu kuhusu unene, nikaacha. Niliingia ndani ya ndege. Ilikuwa imejaa mafuta nusu tangu juma lililopita, kwa ajili ya kujaribu injini. Nikalipapasa tangi huko nyuma ya viti, chini kabisa, mahali petroli inapotulia, nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaacha alama. Mimi nazijua hizo. Ukucha wa kubandika hauyeyuki kama barafu, watu hudhani hivyo. Unaanza kuwa kama mpira, umbo lake liko pale pale, rangi iko pale pale, mteja anaweza hata kupunga mkono nao, lakini ukiusukuma kidogo unatoka. Nikatoka ndani ya ndege nikamfuata.

Nilimwambia wazi. Nilimwambia ama utope ule wa chupani utaziba bomba injini izime juu ya mawe, ama tangi lipasuke mgongoni kwake na injini ina moto, na kwa vyovyote watoto wangu watarudi kutoka bweni kumzika baba yao. Akasema ni joto tu, hata lami ya Lodwar hulainika mchana na magari yanapita. Nikamwambia lami haibebi mtu angani. Akasema tarehe imeshatangazwa redioni. Hapo nikaona tumefika mwisho. La kuvunda halina ubani.

Nikaenda kwa mwenyekiti dukani kwake. Alinisikiliza huku akipima misumari ya mteja. Nilipomaliza akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Mama," akasema, "wewe ni mtu wa kucha. Sisi hapa tunaongelea ndege."

"Ni dawa ile ile, mwenyekiti."

"Kwani ndege itakwenda harusini?"

Mteja wake akacheka, yeye akacheka, na misumari ikapimwa. Nilirudi nyumbani nikilia barabarani, sikujali nani ananiona. Si kwa sababu ya dharau. Dharau nimeizoea, nafanya kazi ya kuosha vichwa vya watu. Nililia kwa sababu nilikuwa na mume mmoja tu, nampenda, na mji mzima umeamua afe akipigiwa makofi.

Ndipo nikapata wazo langu la mwisho. Jumapili iliyofuata, kamati ikiwa inakunywa chai, nikasimama na birika mkononi nikasema ndege ina viti viwili, na kama ni salama kama wasemavyo, basi mke wa rubani aketi kando ya rubani. Nilimtazama yeye tu nikisema hivyo. Nilikuwa na hakika atakataa. Mtu anaweza kuidanganya nafsi yake mwenyewe, lakini mama wa watoto wake hatamkalisha mbele ya tangi lile, na akishakataa itabidi aseme kwa nini.

Kamati ikapiga makofi. Mwenyekiti akasema hilo litapendeza sana kwenye picha. Mume wangu akatazama kikombe chake, akasema, "Sawa."

Ndege ikaondolewa mabawa, ikapakiwa kwenye lori, ikapelekwa Kakuma, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na ziara yake huko na hangeweza kuja kwetu. Mpango ulikuwa kuruka kutoka Kakuma mpaka Lodwar. Nje kidogo ya mji kamati ilikuwa imefyeka vichaka vya miiba vya mathenge, imepata uwanja mrefu wa vumbi, na pembeni wakasimamisha mahema mawili: moja la wageni waheshimiwa, lenye viti vya vitambaa, na moja la wananchi, lenye kivuli tu. Walikuja watu wa kila namna. Wafugaji na fimbo zao, wenye maduka, wakimbizi kutoka kambini wakiongea Kiswahili cha Kongo na Kiarabu cha Juba, vijana wa pikipiki waliotaka kujua tu kile kitu kinatumia plagi gani. Akina mama walikuja na shanga zao shingoni kuimba. Mmoja wao, anayeuza maziwa pale Kakuma na ambaye huwa namsuka akija Lodwar, alinisalimia, "Ejok, mama saluni." Nikamjibu ejok-nooi. Akaizunguka ndege, akaigusa pua.

"Hii kitu itaruka na wewe?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Sasa wewe iko na makosa gani?" akaniuliza.

Mheshimiwa, yule mgeni rasmi, alifika kwa saa zake, si zetu. Mzee mmoja wa pale akaibariki ndege kwa desturi: mbuzi alichinjwa, yale majani ya tumboni mwake yakapakwa mbele ya ndege, na mzee akaomba huku watu wakimwitikia. Mwenyekiti akawa ananong'ona kwamba rangi itaharibika. Rangi! Pale nyuma ya viti petroli ilikuwa imejazwa mpaka juu tangu jana yake, na harufu yake niliisikia kabla sijafungua mlango.

Nikapanda. Nilipanda polepole sana, nikimpa nafasi. Nilisimama kwenye ngazi ndogo nikarekebisha leso. Nikageuka nikapunga mkono. Mume wangu alikuwa ameshaketi. Nikaketi. Nikahisi unyevu mgongoni, nikatia mkono nyuma, nikaunusa. Nikamwonyesha kiganja. Akakiona. Watu wakaendelea kuimba nje.

Akainama upande wangu. Nikasema sasa atasema. Akanyoosha mkono akavuta mkanda, akaupitisha kifuani pangu, akaufunga, akaukaza, akaupima kwa vidole kama haujalegea. Alifanya kwa uangalifu mkubwa, kama anavyomfunga mtoto viatu. Kisha akawasha injini.

Tukaanza kutembea kuelekea mwisho wa uwanja ili tugeuke turuke. Nilimtazama usoni, nikaona jasho linavyomtiririka, na hapo nikamwelewa kuliko siku zote nilizoishi naye. Hakuwa na imani na ndege hata chembe. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Ila mbele yake kulikuwa na mahema mawili, mheshimiwa, redio, kamati nzima, na yeye hakuwa na namna ya kusimama mbele yao na kusema nilikosea. Kufa aliona ni rahisi zaidi. Nilikasirika, jamani, nilikasirika vibaya, na wakati huo huo nikamhurumia.

Nikafungua mkanda, nikafungua mlango, nikamwambia, "Nashuka." Akakanyaga breki. Sijawahi kumwona mtu akikanyaga breki kwa haraka namna ile.

Nilitembea mpaka kwenye hema la wageni, vumbi la propela likinifuata, nikamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti. Nikawaambia wananchi watukufu kwamba ndege ni nzima, rubani ni hodari, lakini mke wake ni mwoga. Nikasema nimeshikwa na hofu, nimemkataza mume wangu asiruke, na wanaotaka kulaumu wanilaumu mimi. Kicheko kilichotokea pale, sijawahi kusikia kingine kama hicho. Vijana wa pikipiki walilala juu ya matangi yao. Mwenyekiti akanipokonya kipaza sauti akasema, kwa tabasamu la maiti, kwamba hakuna tatizo, rubani ataruka peke yake.

Hilo sikulifikiria. Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikakimbia kurudi, nikaenda mbele ya gurudumu la pua, mbali kidogo na propela, nikakaa chini kwenye vumbi na nguo yangu ya kitenge niliyoshonesha kwa ajili ya picha.

Yule mama wa maziwa akanifuata. Akasimama juu yangu.

"Mama, unakaa chini kwa nini? Hii nguo ni mpya."

"Ndege ni mbovu," nikamwambia, kwa sauti ya chini. "Itamuua."

"Yeye hajui?"

"Anajua."

Akamtazama mume wangu kupitia kioo. "Wanaume," akasema, akakaa kando yangu, akatoa tumbaku yake akanigawia. Sitafuni tumbaku. Siku ile nilitafuna.

Akaja mwingine akamuuliza kwa Kiturkana, akajibiwa, akakaa. Wakaja wengine watatu wakakaa. Kikundi kizima cha waimbaji kilipoona wenzao wamekaa, kikadhani programu imefika mahali pa kukaa, kikakaa. Wakimbizi nao wakasogea kupata nafasi ya mbele. Punde uwanja wa ndege ulijaa watu wameketi, wakimngoja mtu awaambie kinachofuata. Katibu wa kamati alikimbia huku na huku akiwaomba wasimame, nao wakamjibu wako sawa, asijisumbue.

Injini ikazimwa. Mheshimiwa, mtu mwenye uzoefu, alipoona umati umeketi na kutulia hakupoteza nafasi. Alisimama akahutubia. Alizungumzia barabara, akazungumzia maji, akasema siku moja Turkana itaruka. Kisha wakala mbuzi.

Tangu siku hiyo mimi ni mama aliyeogopa ndege. Nikipita sokoni wauza mboga hunyoosha mikono kama mabawa. Wateja huja saluni na wageni wao kutoka Lorugum au Kainuk kunionyesha. Mke wa mwenyekiti, nikiwa namwosha kichwa, aliniambia kwa huruma kwamba wanaume wenye maono hurudishwa nyuma na wake zao. Nilimwambia kweli, nikamtilia maji ya moto kidogo. Kuna wakati niliingia chumba cha nyuma nikalia, kisha nikajiambia kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nikatoka nikaendelea na kazi. Mume wangu akisikia mzaha huo hutazama pembeni. Hakuwahi kumkanya mtu hata mmoja.

Ndege ilirudi kwa lori. Alasiri moja nilirudi mapema nikasikia msumeno uani. Alikuwa amelikata tangi. Vipande vilikuwa vimezagaa mchangani, na kimoja, ukuta wa upande wa viti, alikuwa amekishika mikononi. Alikikunja, kikakunjika kama chapati ya jana. Mahali mgongo wangu ulipoegemea palikuwa pameshaanza kuachana nyuzi kwa nyuzi. Alinionyesha. Nikapita kando yake nikaweka mfuko wangu kwenye kibaraza.

"Ulijua limelainika," akasema.

"Nilijua."

"Na bado ukaingia."

Alisema kama mtu anayeshangaa, karibu kama anayenisifu, na nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa asante yake. Huenda mwanamke mwingine angeichukua.

"Nilikuwa nangoja unikataze," nikamwambia. "Niliposema mbele ya kamati, nilingoja. Nilipopanda, nilingoja. Nilikuonyesha mkono wangu umelowa petroli. Wewe pia ulijua, baba watoto. Na aliyenifunga mkanda ni wewe."

Akaanza kuviokota vile vipande kimoja kimoja, akavipanga ukutani, ingawa havikuwa na kazi tena. Mimi nikaingia jikoni kuwasha moto. Hilo ni la muda sasa. Tunakula pamoja, tunasali pamoja, watoto wakija likizo tunacheka nao, naye ni mtu mwema, mtu yeyote Lodwar atakuambia. Bado hajanijibu, nami bado namngoja.